Miche yetu imefukiwa

Jovina, miche yote ya miti imekwisha. YOTE!

Si niliwaomba wanakijiji waje wang'oe majani kwenye miche yetu pale chanzo cha maji? Wamewahi asubuhi na majembe. Nafika, naona matuta. Matuta ya mviringo, kama tunavyolima sisi Wafipa! Majani wameyafukia yaoze, na miche humohumo.

Wananishangilia. "Mwenyekiti, tumekulimia vizuri!"

Tumekulimia vizuri!

Ningewagombezaje? Wamejitolea, wametoka jasho, na bibi yangu Rosina ndiye kawaongoza, na mgongo wake ule mbovu.

Nimebaki nimesimama na ndoo yangu ya kumwagilia.

Bibi akaniuliza, "Mbegu za maharage ziko wapi?"

Mimi, mwenyekiti wa kamati ya mazingira, nimezifuata nyumbani.