Baba, Kifaru Nilikimalizia Mwenyewe

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama alinifundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata kama amekukosea. Marahaba yako baki nayo.

Ujumbe wako umenifikia. Shangazi alikuja Jumapili baada ya ibada, akakaa barazani, akamaliza chai yote ndipo akasema. Akasema Mama Jeni ameuza mgahawa na kwenda zake Makambako, wewe umebaki Mikumi kwenye chumba cha kupanga, miguu imevimba, na unataka kurudi nyumbani Kilosa. Kisha akaongeza, "Anasema nikwambie bado anakumbuka mlivyokuwa mnajenga kile kifaru."

Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia. Hata mimi nakumbuka, Baba. Nadhani nakumbuka vizuri kuliko wewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kumwagika kila gulio. Shamba la mkonge la Kimamba lilikuwa limepata mmiliki mpya, na wewe, dereva wa trekta, ukawa miongoni mwa waliopunguzwa. Ukaanza kwenda Mikumi kutafuta vibarua kwa madereva wa malori. Siku moja ulirudi na boksi ulilolipata kwenye marundo ya mitumba kando ya barabara kuu. Juu yake palikuwa na picha ya kifaru cha vita vya zamani vya Wazungu. Ndani mlikuwa na mbao nyembamba kama biskuti, zimekatwa vipande vidogo vidogo ambavyo vilikuwa bado vimejishikiza kwenye ubao wao. Kingo zake zilikuwa za kahawia na zilinuka moshi. Nilidhani zimeokolewa kwenye nyumba iliyoungua, mpaka mwalimu wetu wa sayansi aliponieleza kwamba zimekatwa kwa leza, mwanga mkali unaopita kwenye mbao kama wembe.

Mama alilitazama boksi akauliza, "Na hili linapikwaje?" Ulicheka mpaka ukashika mbavu, naye akacheka. Sikumbuki kuwaona mkicheka pamoja tena baada ya siku ile.

Tulianza kujenga Jumapili mchana, wewe na mimi, kwenye mkeka. Maelekezo yalikuwa ya lugha ngeni, tukafuata picha. Kazi yangu ilikuwa kung'oa vipande bila kuvivunja na kuvipitishia msasa. Kazi yako ilikuwa kupachika. Nilipokuwa na haraka ulinishika mkono. "Usilazimishe, Tausi. Kipande kikikataa, jua si mahali pake."

Nyumbani tulijua tu kwamba ulipigana vita vya Uganda. Ulikuwa hujatusimulia neno. Kifaru kile ndicho kilichokufungua mdomo. Tulipofika sehemu ya mbele uliweka kidole kwenye upenyo mdogo ukasema, "Mimi nilikaa hapa. Joto lake ni kama umetiwa ndani ya chungu kikafunikwa. Husikii mtu. Unasikia injini, na moyo wako." Ukanisimulia habari za mwenzako aliyekuwa akipakia makombora, jinsi alivyokugawia maji yake ya mwisho, na jinsi ulivyomwacha kando ya barabara amefunikwa turubai. Ulilia, Baba. Nilikuwa mtoto wa darasa la sita na baba yangu alilia mbele yangu, nikajiona mtu mkubwa kuliko watu wote wa Kilosa.

Tulimaliza kiwiliwili, kichwa cha juu na mzinga wake. Yakabaki magurudumu na minyororo. Ukasafiri kwenda Mikumi kwa wiki moja. Hukurudi. Siku chache baadaye alikuja kijana na baiskeli kuchukua nguo zako, akachukua na boksi, kifaru chetu kikiwa ndani. Nilimwambia hilo ni langu. Akajibu, "Mzee amesema nisilisahau." Unajua nilifurahi? Nilijua unataka kulimalizia huko uniletee zawadi.

Kisha mama aliugua. Presha ilimwangusha kisimani, akalazwa, mdomo umepinda upande. Shangazi, huyu huyu unayemtuma leo, alinipandisha basi peke yangu nije nikuite. Sare ya shule ndiyo nguo yangu nzuri, nikaivaa. Pale Mikumi niliuliza, nikaonyeshwa mgahawa wenye rangi ya bluu, malori yamepanga foleni mbele yake. Nikakukuta umekaa na madereva watatu mnakula wali na nyama.

"Shikamoo, Baba."

Hukuitika. Dereva mmoja, mtu mnene mwenye kofia ya pamba, akauliza, "Mzee, kumbe una binti mkubwa hivi?"

Ukatazama kaunta, alikokuwa amesimama Mama Jeni na vijiko mkononi. Ukasema, "Huyu? Huyu ni mtoto wa ndugu yangu wa Kilosa. Kwao wote huniita baba."

Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi.

Nilikwambia mama amelazwa. Ukasema, "Haya, wape pole." Pole, Baba, kwa Mwajuma, mke wako wa ndoa. Mama Jeni alinionea huruma, niseme ukweli wake, akaniingiza ndani akanipa soda. Huko ndani, juu ya kabati la vyombo, ndipo nilipokiona. Kifaru chetu, bado hakina magurudumu. Boksi lilikuwa pembeni yake. Binti yake, Jeni, rika langu, akaniona nikikitazama. "Usikiguse," akasema. "Baba yangu ananitengenezea."

Soda sikuinywa. Nilikishusha kifaru, nikakitia kwenye boksi, nikapita nacho katikati ya mgahawa. Jeni alikuja nyuma yangu analia. Wewe ulisimama. Nilisubiri useme "rudisha," ili nikuulize mbele ya wale madereva mtoto wa ndugu yako ana haki gani na mali yako. Ukanywea ukakaa. Wakati ule ndipo nilipojua kwamba unaniogopa, na ladha ya jambo hilo sijaisahau.

Mama aliponiona hospitali aliuliza kwa ule mdomo uliopinda, "Umemwona?" Nikamwambia umesafiri na lori kwenda Zambia. Akasema, "Basi atakuja." Akafumba macho. Alikungoja kwa uongo wangu mpaka alipopata nafuu, na akaendelea kukungoja baada ya hapo.

Magurudumu niliyapachika mwenyewe. Minyororo ilikuwa migumu. Vipande vinne vilikuwa vimepotea, nikavichonga kwa kisu kutoka kwenye sanduku la chai. Kila nilichopachika nilikipachika kwa hasira, na hakuna kilichovunjika.

Nilipokuwa mwalimu nilikipeleka shuleni. Sasa nikukumbushe siku unayojifanya umeisahau. Mwalimu mkuu aliwaalika wazee waliopigana vita waje wazungumze na watoto, nawe ukaletwa kutoka Mikumi, umevaa koti, umependeza. Ulipoingia ukaniona, ukakiona na kifaru mezani, kizima, kimekamilika. Macho yakakulowa. Ukawaambia watoto, "Mnamwona mwalimu wenu? Kifaru hiki tulikijenga mimi na yeye."

Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Kweli, Mwalimu? Huyu ni baba yako?"

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu nilipokuwa na sare ya shule. Nikajibu taratibu, walimu wote wakisikia: "Hapana. Huyu ni mgeni wetu. Kifaru nilikijenga mwenyewe."

Watoto wakakupigia makofi kwa adabu. Ulikaa, na mimi nikaendelea na ratiba. Watu hunieleza kwamba kisasi huacha uchungu mdomoni. Labda kwao. Mimi nilirudi nyumbani nikapika, nikala na mama tukashiba, nikalala usingizi wa mtoto.

Mama amekufa, unajua. Kaburi lake hulijui, kwa sababu ulituma salamu za pole kwa simu ya mtu.

Sasa unataka chumba. Ndugu zako wamekuja kwangu kwa zamu. Shangazi ameniambia damu ni nzito. Baba mkubwa ameniambia mzazi ni mzazi. Mchungaji amenisomea Biblia. Niliwasikiliza wote kwa heshima, nikawatengea chai, kisha kila mmoja nikamwuliza swali moja: "Kwako kuna nafasi?" Shangazi alikumbuka kwamba paa lake linavuja. Baba mkubwa ana wajukuu wengi. Mchungaji akaaga. Ndio hao uliowatuma kwangu, Baba. Katika Kilosa nzima hakuna mlango uliofunguliwa, na mimi sikuufunga hata mmoja ila wangu.

Usije. Ukifa nitakuja Mikumi, nitavaa kanga nyeusi na nitatupa udongo wangu kama mtoto anavyopaswa, watu waone. Hilo nitalifanya vizuri. Mpaka siku hiyo, kaa huko ulikokuchagua.

Kwaheri, Baba.

Ni mimi,
binti wa Mwajuma.