Wameniambia Nimeleta Kuni

Jumapili, Machi 1998
Greenbelt, Maryland

Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na baridi ile isiyojua kama inakuja au inaondoka. Sikwenda kanisani. Miguu inauma kwa viatu vya jana, na moyo wangu bado una ubishi ambao si vizuri kuuingiza kwenye ibada.

Nimewasha kompyuta mapema kwa makusudi. Nikiwa kwenye mtandao simu ya nyumbani haiingii, na najua Mama Glory ananitafuta tangu ibada ilipokwisha. Na atafute.

Sijutii.

Jana ilikuwa kitchen party ya Upendo, binti wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi tangu alipoletwa Marekani akiwa na miaka tisa. Anaolewa na Elia, kijana mwema, sina neno naye. Wanawake wa Kitanzania wa huku tulikutana kwenye ukumbi wa chini wa jengo moja la apatimenti kule Landover, wote kwa sare ya zambarau. Kama ilivyo desturi, kila mmoja alileta chombo cha nyumbani na kukitolea somo mbele ya watu. Ukileta chujio unasema, mwanangu, maneno ya watu yachuje. Ukileta kifuniko unasema, siri za nyumba zifunike. Mama Glory, mwenyekiti wetu wa kamati, alishagawa mapema nani alete nini. Mimi mama mdogo wa bibi harusi nilipangiwa seti ya sufuria.

Sikuleta sufuria. Nilileta chemsha bongo ya mbao.

Ngoja nieleze, maana jana hakuna aliyenipa nafasi ya kueleza vizuri.

Upendo alipofika kwangu alikuwa hasemi. Alikula nilichompa, akalala nilipomwonyesha, akatazama ukuta. Mtoto aliyetoka kumzika mama yake, ungemwambia nini? Siku moja nilipita mbele ya nyumba ya mtu aliyekuwa anauza vitu vya zamani uani, nikaona misumari miwili minene iliyopindwa ikakumbatiana. Unatakiwa uitenganishe bila kutumia nguvu. Nikamletea. Alikaa nayo sakafuni karibu na hita hadi chakula kikapoa. Nilipoona anahangaika nikanyoosha mkono nimwonyeshe, na yeye akairudisha misumari kifuani kwake akasema, "Usinisaidie."

Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu atoke uwanja wa ndege. Niliingia bafuni nikalia kwa furaha, bomba la maji nimelifungulia asisikie.

Tangu hapo kila sikukuu yake ya kuzaliwa nilimtafutia chemsha bongo nyingine. Za chuma, za kamba, za mbao. Akakua, akaanza sekondari, Kiswahili kikamkauka mdomoni. Anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Sikumlaumu. Alikuwa bado anafungua vitu mwenyewe, na sasa anasoma hesabu chuoni, pale karibu na Shaw, mjini Washington.

Lakini tangu posa ipokelewe, nimemwona akipungua, na sizungumzii mwili. Akiulizwa gauni liweje, anasema, "Whatever you guys want." Akiulizwa keki, anamwangalia Mama Glory. Akiulizwa kama ataendelea na chuo baada ya harusi, anamwangalia Mama Elia, mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Moshi kwa ajili ya shughuli. Mimi nikimvuta pembeni ananiambia, "It's fine, Mamdogo." Mama Elia mwenyewe hajawahi kumkataza chochote, hilo niseme kweli. Ni mtoto tu aliyeanza kuwapa watu wengine majibu yake wayashike.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Yule aliyesema usinisaidie alikwenda wapi?

Basi wiki moja kabla ya shughuli nikaingia kwenye duka dogo la michezo hapa hapa Greenbelt, lenye rafu nzima ya chemsha bongo, na kwa kila aina wametoa moja ya kujaribia. Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima. Mimi siku hiyo nilichagua majembe yote ya dukani, na nisingemruhusu mtu anikimbize.

Kulikuwa na kisanduku chenye droo ya siri, kizuri mno. Nikakirudisha. Kisanduku angekitilia hereni na pini, kikawa chombo, na vyombo ndivyo nilivyokuwa nimekataa kuleta. Kulikuwa na viatu viwili vya farasi vilivyofungwa kwa mnyororo na pete katikati. Nikacheka peke yangu. Anakwenda kufunga pingu za maisha, halafu mimi nimpelekee na za chuma? Kulikuwa na mpira wa mbao wa vipande vipande, ukafunguka kabla sijaugusa sawasawa. Zawadi gani hiyo, inayojitoa kwa kila anayeinyanyua?

Halafu nikaona vijiti sita vya mbao nyeusi, vimepishana vikashikana katikati kwa meno yaliyochongwa ndani. Hakuna gundi, hakuna msumari. Kwa nje huoni pa kuanzia. Kidude chenyewe kinaenea kiganjani na kina uzito wa kitu cha kweli. Nilikizungusha mpaka bega likachoka, sikuambulia kitu. Msichana wa dukani akasogea kutaka kunionyesha siri yake, nikamwambia asante, hapana. Mpaka leo sijui kinafungukaje, na nilikinunua kwa sababu hiyo.

Wanjiku, rafiki yangu Mkenya ninayefanya naye kazi ghalani Landover, na aliyealikwa kwa sababu yangu, alinitahadharisha. "Aki wewe, si ununue zote mbili tu umalize hii maneno?"

Nilifikiria, nisidanganye. Lakini ningeleta vyote viwili, sufuria zingekuwa zawadi na chemsha bongo ingekuwa mchezo wa mtoto. Watu wangepiga vigelegele kwa sufuria na kuitabasamia ile nyingine kwa huruma. Nilitaka kisimame chenyewe.

Jana basi. Upendo ameketi kwenye mkeka, khanga imefunikwa kichwani hadi puani, mikono mapajani. Mwali hasemi mpaka shughuli iishe. Zimepita ndoo, pasi, mapazia, seti ya vikombe, kila kimoja na somo lake na wimbo wake. Mama Glory akashika kipaza sauti akatangaza mama mdogo na sufuria zake. Nikatoka nikicheza, kiboksi mkononi, na watu wakawa wanatazama nyuma yangu kuona nani amezibeba hizo sufuria.

Nikafungua boksi. Muziki ukazimwa.

"Hicho ni cha kuwekea sufuria ya moto?" mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza.

"Hapana, nadhani cha kusagia pilipili," jirani yake akamjibu.

Mama Glory akakitazama mbele na nyuma, kisha akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Wapendwa, dada yetu ametuletea kuni."

Ukumbi mzima ulicheka. Niliumia, siwezi kujifanya sikuumia. Masikio yalipata moto. Lakini kilichonitisha ni kimoja tu, kwamba chini ya ile khanga Upendo alikuwa anaona aibu kwa ajili yangu mbele ya wakwe zake. Vicheko vya wengine ningevibeba. Aibu ya yule mmoja nisingeibeba.

Ila maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamwomba Mama Glory kipaza sauti, na alipositasita nikakichukua.

Nikasema, mwanangu, hiki hakipikiwi wala hakifuliwi. Akija mgeni usimwandalie. Vyote ulivyopewa hapa ni vya nyumba yako, na nyumba ni jambo jema, vitumie. Hiki ni cha kwako. Siku watu wote watakapokuwa na majibu ya maisha yako, keti chini na swali hili moja ambalo hakuna anayeweza kukujibia. Hata mimi sijui jibu lake.

Nikakiweka mapajani pake nikarudi kwenye kiti changu. Hakuna aliyepiga kigelegele isipokuwa Wanjiku, na cha Wanjiku kilikatikia njiani.

Ndipo Mama Elia akanyoosha mkono akakichukua akitazame. Akavuta kijiti kimoja, hakikuja. Akavuta kingine. Akampa aliyekuwa kushoto kwake, naye akavuta, akampa mwenzake. Mama wa pilipili akataka kutumia meno, akazuiwa. Kikazunguka mstari wa mbele wote, sare za zambarau zikainamiana, kila mmoja akisema lete mimi, hamjui kushika. Shughuli ilisimama. Wale walionicheka wakaanza kubishana kijiti cha juu ni kipi. Nilikaa kwangu nimekunja mikono, na kama nilitabasamu, Mungu anisamehe.

Mama Glory hakupenda. Kikarudishwa mapajani kwa Upendo, na Mama Glory akainama akikiwahi ili tuendelee na ratiba. "Leta mwanangu, tukiweke pembeni. Elia akija atakufungulia. Wanaume wana nguvu."

Upendo hakukiachia.

Mama Glory akakivuta kidogo, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Vidole vya Upendo vikakaza. Na chini ya khanga, kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia mpaka walipoambiwa, mwali akasema, "Msinisaidie."

Kwa Kiswahili. Yule ambaye kwa miaka yote hii nikimwambia shikamoo ndiyo salamu ananijibu, "I know, Mamdogo."

Mama Glory akanyooka na kipaza sauti chake. Mimi nilikuwa nimesimama, sikumbuki nilisimama saa ngapi.

Upendo alikizungusha taratibu. Hakuvuta kama wale wengine. Alikisikiliza kwa vidole, akagusa hapa, akarudi, akasukuma pale. Khanga ikamteleza hadi mabegani na hakuna aliyethubutu kumfunika tena. Aliuma mdomo wa chini kama alivyokuwa anauma karibu na hita. Halafu kijiti kimoja kikasogea, kikatoka nusu, kikaonyesha weupe wa mbao ya ndani.

Watu wakavuta pumzi. Mama Elia aliinua shingo kabisa aone ni kipi.

Na mtoto wangu akakirudisha ndani. Akakisukuma kwa dole gumba mpaka kikakaa mahali pake, akakizungusha mara mbili tatu mikononi ili hata aliyeona asijue tena ni kipi, akakifunika kwa upindo wa khanga. Kisha akanitazama. Alinitazama mimi moja kwa moja, mwali asiyetakiwa kuinua macho, na alikuwa anacheka.

Nililia tena, safari hii hadharani, bila bomba la maji. Wanjiku akanipa leso yake.

Sijui kama atamaliza chuo. Sijui atamwambia nini Mama Elia, au Elia, au mimi mwenyewe nitakapoanza kumwingilia kwenye malezi ya watoto wake, maana najijua. Jibu nitakalopata mimi nimeshalisikia jana, chini ya khanga.

Vyombo vyote vilibebwa kwenye gari la kamati jana jioni. Chemsha bongo haikuwemo. Aliondoka nayo mkononi.

Nimesikia kwamba kamati itakaa kunijadili. Wakae. Wakiniuliza sufuria ziko wapi nitawaambia ziko dukani, na Elia anajua kuendesha gari, akazichukue.

Sasa nazima kompyuta. Simu na ilie.