Kilio cha Bibi Arusi

Voi, 9 Agosti 1956

Dada Tryphena,

Huku hatujambo, mvua bado. Umeuliza watu walisemaje kuhusu mchezo wako wa bibi arusi anayebebwa kwa nguvu, uliorudishwa jukwaani hapa Jumamosi. Niliandika gazetini: wanaume kumi na wanne walitoka, mchungaji aliuita matusi, wanawake walikaa hadi mwisho.

Sikuandika habari za wifi yako Mable. Tukirudi aliniuliza, “Baba Danson, rafiki zako waliponibeba kunileta kwako, ulidhani nalia kwa desturi?”

“Si kila bibi arusi hulia?”

“Mimi sikuwa naigiza.”

Jukwaani bibi arusi wako anaondoka, pazia linashuka. Niandikie upesi bibi arusi huyo alikokwenda, maana leo Mable amefunga nguo zake katika leso.

Kaka yako,
Zephaniah