Mkataba Uliokwama kwa Jina la Lugha

Alkhamisi. Joto la leo ni lile la unyevu, nguo inakuganda mgongoni kabla hujafika kwenye gari. Nna hasira tangu mchana, na sasa hivi magharibi imeshaingia na bado haijanitoka.

Sitaki kuwa mwema leo. Anayetafuta maneno matamu akasome ukurasa mwengine.

Asubuhi niliomba ruhusa kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, nikenda mtaa wa Wattaya, hapa Maskati, ofisini kwa Nassor, mtoto wa mjomba wangu. Nassor huingiza vyakula kutoka nje. Alikuwa na wageni wawili, akanitaka niwatafsirie, kwa vile mie nilisomea ufamasia Sofia, Bulgaria, na Kibulgaria nnakisema vizuri. Nilikubali kwa sababu ni ndugu yangu. Na pia nilikuwa na hamu ya kukisikia tena.

Wa kwanza ni Bwana Plamen, Mbulgaria, mwenye kiwanda cha kutia vyakula kwenye chupa. Wa pili ni Bwana Zoran kutoka nchi jirani, Masedonia Kaskazini, mkulima wa pilipili boga nyekundu. Pilipili za Zoran huvuka mpaka hadi kiwandani kwa Plamen, zikachomwa, zikasagwa, zikawa achari tamu sana. Wanafanya biashara hiyo miaka mingi. Sasa walitaka waiuze Oman, na Nassor awe wakala wao.

Nilidhani nakwenda kutafsiri habari za pilipili.

Nilisahau nilichokiona nilipokuwa mwanafunzi. Nchi zote mbili zilitoka kwenye ukomunisti wakati mmoja, zote ndogo, na wafanyabiashara wao wanahitajiana. Lakini serikali zao hazipatani. Bulgaria imo ndani ya Umoja wa Ulaya, Masedonia iko mlangoni inangoja, na jirani yake huyo ni mmoja wa walioizibia njia. Wanagombania historia, mashujaa ni wa nani, na zaidi lugha. Wabulgaria wengi husema hakuna kitu kinachoitwa Kimasedonia, ni Kibulgaria kwa lafudhi ya huko. Hata serikali hizo zilipotiliana saini za ujirani mwema, ziliandika "lugha rasmi kwa mujibu wa katiba", ili lugha yenyewe isitajwe jina.

Mkataba wa Nassor ulikuwa tayari. Mwishoni karani wake aliandika kwamba nakala zitatolewa kwa Kiarabu, Kibulgaria na Kimasedonia. Nikausoma kwa sauti.

Plamen akaweka finjani yake chini. "Hiyo ya tatu ifutwe. Hakuna lugha hiyo."

Zoran hakupandisha sauti. "Mama yangu kanilea kwa lugha gani, Plamen? Umekula kwake."

"Nimekula, na kila neno alilosema nimelielewa. Ndiyo maana nakwambia ni Kibulgaria."

Nnakiri zinafanana. Sijapata kusoma Kimasedonia, na Zoran nilikuwa nikimfuata bila ya taabu. Lakini mtu mzima akikwambia lugha yake inaitwaje, wewe unamkatalia kwa lipi?

Nassor akaniinamia. "Wanagombania nini hawa?" Aliniuliza kwa Kiswahili, kama tunavyosema siku zote sisi tuliokuja kutoka Unguja, na mie nikamweleza kwa Kiswahili.

Plamen akageuka. "Hicho si Kiarabu," akaniambia. "Mnasema lugha gani nyie wawili?"

Nikamtafsiria Nassor suali hilo. Akatengeneza kilemba chake, akanijibu kwa Kiarabu cha ofisini:

"Mwambie si lugha khasa. Ni Kiarabu kilichoharibika, maneno tuliyookota kwa watumishi kule Unguja."

Akanitazama, akingoja nifikishe.

Mama yake Nassor, Bi Zuhura, Mungu amrehemu, alikufa hapa hapa Maskati na Kiarabu alichokijua ni cha sala. Kila alichomfunza mwanawe, kuanzia kula mpaka kuoga, alimfunza kwa hicho alichookota kwa watumishi.

Nikamgeukia Plamen. "Anasema ni Kiswahili, lugha ya mama yake. Na anaomba Kimasedonia kibakie kwenye karatasi."

Mtafsiri hafanyi hivyo. Nnajua.

Plamen akawa mwekundu mpaka masikio. Zoran akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha shukurani. "Umesikia? Hata hawa wana lugha yao, nikose mie?"

Hilo "hata" limeniuma kuliko yote ya Plamen. Nilikuwa nimeshamhesabu Zoran kuwa ni mtu wangu.

Plamen akakusanya karatasi zake, akasema anakwenda kufikiri. Zoran akaondoka naye. Niliwaona kutoka dirishani wameingia teksi moja, mmoja huku mmoja huku, hawatazamani. Wangefanyaje? Pilipili zitaiva tu, na kiwanda kiko upande wa pili wa mpaka.

Neno "Kiswahili" kwa Kibulgaria halijifichi, na Nassor alilisikia. "Umeniharibia kazi yangu," akasema.

"Na wewe umemharibia nani jina, kaka Nassor? Bi Zuhura alikuwa mtumishi wa nani?"

Akanifungulia mlango nitoke.

Nikarudi nyumbani Azaiba nikijua mama atakuwa upande wangu. Nikamsimulia yote, mpaka lile la kilemba. Alikuwa anachagua mchele, na hakuuacha.

"Nassor kasema yale yale niliyokuwa nikiyasema mie," akanambia. "Tulipokuja, ukisema Kiswahili dukani nilikufinya. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Au nilidhani nafinywa kwa utundu.

"Nilitaka msichekwe, mwanangu. Watu walikuwa wakitucheka."

Nilitaka kumgombeza hata yeye. Nilikaa nikitazama mikono yake ikitoa vijiwe, nikashindwa.

Baada ya sala ya magharibi Nassor kanitumia ujumbe wa sauti. Nikaufungua mbele ya mama. "Zuwena, huna haya wala huna soni! Mwana mkorofi wewe, umenivua nguo mbele za watu, umenitia aibu mie nisiyekukosa kitu! Ole wako nikuone tena mlangoni kwangu!"

Mwanzo mpaka mwisho, hata neno moja la Kiarabu. Kapanda, kashuka, kavuta ile "wewe" yake kama wanavyoivuta wanawake wa kwetu wakigombana madirishani.

Mama kauweka mchele chini. "Rudia," akasema. Nikaurudia. "Zuhura mtupu huyo," akasema, na macho yake yalikuwa yameshalowa.

Mie sikulia. Bado nna hasira na Nassor, na Plamen, na yule Zoran na "hata" yake. Ujumbe sijaujibu.

Kesho Ijumaa, ukoo mzima unakula mchana kwa Nassor, na wakwe zake watakuwapo, wale ambao mbele yao hathubutu kusema ila Kiarabu. Kanambia asinione mlangoni. Nitakwenda. Nitakaa pale atakaponiona, na chumvi nitamuomba yeye, kwa Kiswahili.