Macho Mawili Kichakani

5 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi huku wazima, wajukuu wanakuulizia. Wewe je? Usinijibu "nipo". Jirani yako fundi cherehani ameniambia kila kitu. Tangu tumzike mama, ukitoka kazini unajifungia mpaka asubuhi. Huko si kuishi, baba. Nimekuandikisha kwenye kikundi cha kutembea jioni kuangalia ndege na wanyama wa usiku. Ni kila Jumamosi. Usipoenda, tarehe 31 nakuja kukuchukua uhamie kwangu. Chumba nimeshapaka rangi.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nipo. Mgongo nao upo, unauma.

Jana nilienda. Sasa niachie nyumba yangu.

Walikuwa tisa, wote nguo rangi ya majani makavu. Mimi nilitoka moja kwa moja kwenye kazi ya zege na kizibao changu cha njano, kile chenye viraka viwili mgongoni vinavyong'aa vikimulikwa. Kazini usipoonekana, lori linakurudia kinyumenyume. Kumbe hawa wanataka usionekane. Hakuna aliyeniambia.

Kiongozi ni mwalimu mstaafu, mama mmoja mkali. Akasema, "Kimya." Tukaona popo. Tukaona bundi, akatupa mgongo. Mimi mkojo ukanibana, nikaingia kichakani. Nikamsikia mwalimu ananong'ona, "Msisogee! Macho mawili, makubwa!" Tochi zote kwangu. Mmoja akasema, "Chui huyo." Mwingine anaandika daftarini. Nikawaambia, "Zimeni taa, nimalize."

Wakatimua mbio. Mwalimu mbele.

Baba yako

15 Machi

Baba, shikamoo.

Mgongo unaendeleaje? Uukande kwa maji ya moto. Barua yako niliwasomea watoto, wakacheka mpaka mdogo akapaliwa. Lakini mara moja haitoshi, na sidhani kama hao watu watakutaka tena. Tarehe 31 iko palepale. Fungasha nguo. Usibebe yale makarai.

Mwanao

31 Machi, mlangoni

Mwanangu,

Pole na safari. Sipo. Leo Jumamosi.

Ufunguo uko chini ya karai. Chakula kiko kwenye sufuria. Kimeungua upande mmoja, kula upande wa pili.

Sijafungasha. Jumamosi iliyopita mwalimu alitusimamisha gizani tusikilize. Kitu kikalia mtini, kama kichanga. Nikamwambia, "Huyo mtoto wa jirani yangu." Akasema, "Jirani yako anaishi juu ya mti?" Akamulika. Komba. Kanyama kadogo, mkia mrefu, macho yamemtoka.

Ndiye anayelia nyuma ya nyumba yetu. Miaka thelathini mama yako ananiamsha, "Nani analia?" Namwambia, "Mtoto wa jirani, lala." Anauliza, "Mbona hakui?" Namwambia, "Lala."

Fundi cherehani hana mtoto. Nilikuwa najua. Nilitaka usingizi tu.

Sasa jibu ninalo, wa kumpa hayupo. Basi nakaa hapahapa. Komba akilia, namjibu mama yako. Kwako huko nitamjibu nani?

Saa mbili nakileta kikundi uani kumwangalia komba. Mwalimu kaomba mwenyewe. Ukisikia watu wananong'ona, usiwashe taa, usipige kelele za mwizi. Toka taratibu, simama na sisi.

Kizibao changu kimetundikwa nyuma ya mlango. Usikivae.

Baba yako