Nilifungua Mifuko Ili Ujumbe wa Chavua Upite

Mshauri mpendwa, pokea salamu kutoka Uriri, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana mimi Nicodemus si mtu wa kuomba msaada, niliwahi kumkazia kiboko macho kule Sori mpaka akarudi ziwani kwa aibu, lakini hili limenishinda. Mtoto wa dada yangu, Emmaculate, ambaye huniita Nera, yaani mjomba, yuko chuo kikuu, nikampa kipande cha shamba achunguze chavua ya mahindi, akanieleza, "Nera, ndani ya kila chembe ya chavua kuna protini za kubeba ujumbe. Chavua ikitua kwenye ndevu za hindi, hizo protini ndizo zinaamsha jeni, chavua iote mrija ulifikie yai." Akapaka mimea kumi na miwili chavua ambayo protini yake ni dhaifu, akafunika ndevu kwa mifuko ya karatasi, akarudi chuo. Sasa mimi nikawaza, ujumbe utapitaje kwenye karatasi? Nikafungua mifuko yote asubuhi tatu, jioni nafunga, na sokoni nikatangaza kwamba chuo kikuu kinanitegemea. Jana alirudi, akachuma hindi la kwanza, akaruka: "Nera, limejaa! Kumbe protini ikilegea bado mahindi yanazaa!" Nikasema ni rutuba ya Uriri. Halafu mke wangu mkubwa, Filister, akaniuliza, "Ukifungua, chavua ya mahindi yetu ilikuwa inaangukia wapi?" Alhamisi mwalimu wake anakuja kupokea matokeo. Kusema nitasema, nimeamua, ila nianzeje na heshima yangu ibaki?

Nicodemus, pole, lakini heshima gani hiyo? Ujumbe ule husafiri ndani ya chavua yenyewe. Karatasi ilizuia chavua ya mahindi yako, nawe ukaifungulia mlango; mahindi yamejaa kwa sababu yamepata baba mwingine! Msichana ataandika uongo bila kujua, na wenzake wakirudia kazi hiyo watamcheka yeye, si wewe.

Kesho, kabla hajachuma tena, mwambie: "Nilifungua mifuko yote, asubuhi tatu." Taja na tarehe. Usiongeze rutuba. Akilia, nyamaza. Kisha mpe shamba tena msimu ujao, mbali na mahindi ya watu, na kama mila inataka mke mkubwa atangulie kupanda, basi Filister apande mtama, chavua yake haizalishi mahindi. Alhamisi simama kando ya Emmaculate, na mwalimu akiuliza nani aliharibu, inua mkono kabla swali halijaisha.