Jina Chini ya Picha

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inakuacha ulale siku hizi? Ng'ombe wamepata maji huko Olbalbal, au bado mnahangaika nao? Mimi mzima, ila baridi ya Ujerumani haina adabu, na usingizi umenikimbia. Mdogo wangu akusomee taratibu, mkiwa wawili tu.

Jumapili nilimpeleka bibi mmoja wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi, tukaone makumbusho ya sanaa ya mkoa huu. Msumbufu huyo! Kila picha lazima asome maandishi yake kwa sauti. Tukapita maua, farasi, matajiri wa zamani walionuna. Tulipoingia chumba cha mwisho, Yeyo, niliuachia mkono wa bibi. Kaka alikuwa ukutani.

Ni yeye kabisa. Kovu la kidevuni, shuka lake, na nyuma yake mlima wetu wa Engaresero. Unamkumbuka yule mzungu mchoraji wa kule kambi ya watalii, aliyekuwa akibebewa mizigo na kaka? Kumbe alimchora. Ameegemea fimbo, midomo imefunguka kidogo, kama anataka kuuliza kitu.

Chini wameandika jina lake. Lile ambalo mila imetukataza kulitamka tangu afariki, hata mtoto wa jirani aliyekuwa nalo akapewa jingine ili lisisikike bomani. Bibi akalisoma kwa sauti. Akaona amelikosea, akarudia, akarudia tena, mpaka likatoka sawasawa, kama ulivyokuwa ukimwita wewe jioni. Niliogopa, jamani! Anaitwa, na hakuna wa kwao wa kumwitikia. Nikaitika mimi. Bibi akageuka, akaniuliza kama ninaumwa.

Nilimweleza mama anayesimamia picha. Akasema jina linaweza kuondolewa, ila neno litoke kwa familia. Moyo mmoja unataka liondolewe leo hii. Moyo mwingine unaogopa atabaki pale ukutani, asijulikane ni mtoto wa nani. Nimeshindwa kuamua, Yeyo. Wewe ndiye uliyemzaa.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake wakorofi, na shangazi anayeuza shanga Karatu. Mwambie zake nazivaa hata kazini, wakubwa wanune wasinune.

Nasubiri neno lako. Kila Jumapili nitakwenda kukaa pale, na wakimwita, nitaitika.

Binti yako,
Naserian